Pini Mdomoni: Miaka Yangu ya Kumvalisha Mke wa Rais

Tangu niache kazi, majirani zangu hapa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, wameniuliza maswali mengi ambayo kwa kweli ni mawili. La kwanza ni kama mke wa rais hula ugali. Hula, tena kwa mboga za kienyeji, na akishiba hulegeza kifungo kama mtu mwingine yeyote. La pili ni kama niliwahi kuzungumza na rais mwenyewe. Niliwahi. Aliniuliza soksi zake ziko wapi, nikamwambia mimi ni wa upande wa Mama, ndivyo tulivyomwita mkewe. Akashukuru, akaenda kuzitafuta.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu pasi. Kwa hiyo ninawaandikia ninyi mliobaki na pasi, henga na ule mkoba mweusi, maana najua nimewaachia kazi ambayo haijaandikwa popote. Mishahara na vyeo sitavigusa. Vyeo vyenyewe vilikuwa viwili: kwanza niliitwa mtunza mavazi, halafu nikaitwa mtunza mavazi mkuu, siku walipomwajiri wa pili.

Pasi niliirithi. Baba yangu, Yohana, alikuwa mpiga pasi katika duka la ushonaji la Fundi Balwant pale Adams Arcade. Yeye na mama walifariki katika ajali moja ya barabarani, nami nikiwa kidato cha pili, kifungua mimba wa watoto wanne. Mdogo kabisa, Jentrix, alikuwa hajatimiza mwaka. Tuliwazika nyumbani, upande wa Kakamega, na jioni ya mazishi watu wa ukoo wakaketi kutugawana, kama ilivyo desturi. Baba mdogo Zablon ndiye aliyekuwa na kalamu. Alituandika nyuma ya ratiba ya mazishi: huyu kwa shangazi, huyu kwa mjomba, kitoto kije kwake.

Nikasema watoto hawa hawagawanywi. Baba mdogo akaniuliza nitawalisha nini. Nikasema sijui, na hilo lilikuwa jibu la kweli. Akakunja ile ratiba, akaitia mfukoni, akasema ataitunza mpaka nirudi.

Sikurudi. Nilifika Adams Arcade na wadogo zangu wawili mkononi na Jentrix mgongoni. Fundi Balwant alikuwa Singasinga mrefu mwenye futi shingoni na miwani mbili, moja ya kuona karibu na moja ya kuona mteja akiingia.

"Wewe ni mtoto ya Yohana," akasema. "Umekuja kuchukua nguo yake?"

"Nimekuja kuchukua pasi yake."

Akanitazama kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. "Huyu mdogo ataungua."

"Hajawahi kuungua."

"Hajawahi kukaa karibu na pasi."

Alivuta boksi la vipande vya vitambaa, akaliweka chini ya meza ya kukatia, akamweka Jentrix ndani. Mtoto yule alijifunza kukaa, kusimama na kutembea chini ya meza ile, na mpaka leo akisikia cherehani husinzia. Fundi alitupa pia chumba nyuma ya nyumba yake hapa Jamhuri, ambacho baba alikuwa akilala. Baba alilala peke yake mle, sisi tukalala watano tukihesabu cherehani.

Kazi nilifundishwa na Fundi Balwant kwa miaka mingi, na alifundisha kwa kukataa. Ningempelekea shati, angelitazama, angelirudisha bila neno. Nikiuliza kosa ni nini, angesema, "Wewe unajua." Na kweli nilijua. Alinifundisha kupiga pasi kola kutoka kwenye ncha kwenda katikati. Alinifundisha kubeba sindano tatu zilizotiwa uzi tayari, mweusi, mweupe na wa rangi ya nguo ya siku ile, kwa sababu kifungo hakikatiki mahali penye mwanga. Na alinifundisha kwamba mteja mwanamke hanenepi kamwe. "Sema kitambaa imepungua kwa maji," aliniambia. "Yeye anajua si kweli. Wewe unajua si kweli. Lakini yeye anarudi."

Ndivyo nilivyokutana na Mama. Wakati ule alikuwa mwalimu wa hesabu anayeishi Muthangari, na mumewe alikuwa mwanasiasa wa kawaida, wa kupungiwa mkono na kusahauliwa. Alileta sketi ya kupanuliwa kiunoni. Nikampima, nikatikisa kichwa, nikasema, "Mama, kitambaa kimepungua kwa maji."

"Sketi hii haijafuliwa hata mara moja," akasema. "Nimeongezeka inchi mbili na nusu. Andika mbili na nusu."

Nikaandika mbili na nusu. Tangu siku hiyo hakutaka mtu mwingine amguse kwa futi.

Mumewe aliposhinda urais, Mama alikuja dukani na walinzi sita. Walijaa mpaka Fundi Balwant akalazimika kusimama nje ya duka lake mwenyewe. Mama akaniambia, "Trufena, wanataka kuniletea mtu wa kunivalisha. Mimi siwezi kufungiwa zipu na mtu nisiyemjua. Twende."

Nilimtazama Fundi. Alikuwa mlangoni, mzee sasa, wateja wake wakiwa wamepungua kama kile kitambaa. Akasema, "Nenda. Lakini pasi ya baba yako ubaki nayo, za serikali zinatema maji."

Zinatema kweli. Hilo mtaligundua wenyewe.

Siku ya kwanza kwenye ile nyumba kubwa nilizuiwa getini. Askari alimwaga mkoba wangu mezani: pini, sindano, chaki, kipande cha sabuni, viatu vya chini kwa ajili ya Mama miguu ikichoka. Akashika mkasi.

"Mkasi hauingii."

"Basi nikate uzi na nini?"

"Hiyo sasa ni juu yako, Mathe."

Wiki nzima nilikata uzi kwa meno. Mkasi ulipata kibali cha kuingia, chenye muhuri, kabla mimi sijapata changu. Kwa siku mbili mkasi wangu ulikuwa ndani kihalali, nami mwenyewe nilikuwa bado naingia kama mgeni.

Hapo ndipo nilipomjua Bwana Mutiso, afisa wa itifaki. Ninyi hamkumkuta, alistaafu mapema kwa sababu ya presha. Alikuwa mtu mwembamba wa suti ya kijivu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mtu yuko mahali pake, hata waliokuwa mahali pao kabla yeye hajafika. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema kidato cha pili. Aliandika, kisha akaitazama karatasi kana kwamba imemuuma kidole. Lakini tulizoeana. Mtu ambaye umemshonea kifungo cha suruali dakika tatu kabla ya balozi kuingia hawezi kukudharau tena.

Sasa niwaambie kuhusu kazi ya Mama, kwa sababu bila kuijua hamtaijua yenu. Mke wa rais hakuandikiwa kazi yoyote, ndiyo maana kazi yake haiishi. Hupanda miti, kwa hiyo muwe na viatu vya kupandia miti. Hufungua madarasa. Huonja chakula cha kila kikundi kilichopika, na vikundi vyote hupika wali. Hukaa, hutabasamu, hupokea. Mama alikuwa hodari wa kupokea ila alikuwa na udhaifu mmoja wa taaluma. Tulikwenda kufungua darasa moja Kawangware, na mwalimu alikuwa ameandika hesabu ubaoni kwa ajili ya mapambo. Mama alikuwa akisalimia watoto, akaiona. Nikamwona mabega yake yakikaza. Akachukua chaki, akafuta jibu, akaandika la sawa. Mwalimu alipiga makofi. Bwana Mutiso alifumba macho. Mimi nilikuwa nafikiria unga wa chaki kwenye mkono wa gauni la rangi ya zambarau.

Kisha kuna leso, yaani kanga. Mama akifika kwenye mkutano wa akina mama, kila kikundi humfunga leso juu ya nguo zake, wakiimba. Siku moja alifungwa saba, akatoka pale mnene kama godoro lililokunjwa, na joto lilikuwa la Januari. Kazi yenu ni kuzikumbuka zote, kwa sababu akirudi mahali pale mwaka unaofuata, watatazama kiunoni mwake kabla ya usoni. Mimi nilitia kila leso alama ya uzi kwenye kona, rangi kwa mtaa. Mpango huo ulikuwa mzuri mpaka nilipogundua kwamba mtaa mmoja unaweza kuwa na vikundi viwili. Kikundi cha akina mama karibu na Kawangware kilikuwa kimegawanyika kwa ugomvi wa masufuria: nusu walibaki na leso za manjano, nusu wakashona za kijani. Mimi sikuwa na habari. Nikampeleka Mama kwa watu wa manjano akiwa amevaa kijani.

Wimbo ulikatika katikati. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene wa sauti nzito, akamwangalia Mama kiunoni na kusema taratibu, "Kumbe hata huko juu mmeshachagua upande."

Mama hakujua tatizo ni nini ila alijua lipo. Akafungua ile leso, akanipa, akasema, "Mimi nimekuja bila leso. Nimesikia ninyi ndio wenye nazo." Wakamfunga nne. Kwenye gari hakunigombeza. Alisema tu, "Trufena, kuanzia leo andika na jina la mwenye masufuria."

Mambo kama haya nilidhani ndiyo magumu. Hata siku ya mbuzi wa zawadi aliyekula pindo la gauni wakati wa wimbo wa taifa, Mama akiwa amesimama wima hawezi kujitetea, nilirudi nyumbani nikidhani nimeona yote. Gumu lilikuja siku ya mazishi.

Yalikuwa mazishi ya mtu aliyewahi kufundisha na Mama, naye aliomba kwenda kama mwalimu tu. Hakuna kitu kama hicho. Mama akienda mahali, anakwenda na watu wake, na watu hao wana viongozi wao, na viongozi wana wake zao. Bwana Mutiso alitangulia na karatasi zake za majina, akabandika safu ya mbele yote. Waliokuwa wamekaa pale akawasogeza kwa adabu sana, alikuwa na adabu kweli. Ibada ilipofika mahali pa kumpa mjane pole, Mama alisimama, akatazama kulia na kushoto, hakumwona. Mjane alikuwa safu ya tatu, nyuma ya kofia ya mke wa mheshimiwa mmoja.

Tulirudi kwa kupitia Adams Arcade. Hapo Mama akasema, "Leo nimemnyang'anya mtu kiti cha kumzikia mumewe."

"Si wewe, Mama. Ni Bwana Mutiso."

"Mutiso hubandika karatasi. Kiti kinachukuliwa na mimi."

Alimwita Bwana Mutiso akamwambia isirudiwe. Bwana Mutiso akaandika. Mwezi uliofuata, kwenye harusi moja, wazazi wa bwana harusi waliketi nyuma, karibu na spika za muziki.

Ninaeleza hili ili mwelewe nilichofanya Jentrix alipoolewa.

Jentrix alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na kupata kijana mzuri, fundi wa umeme, mtu wa kusema machache na kumaliza chakula. Wadogo zangu wengine wawili walikwisha kuoa, na kwenye harusi zao baba mdogo Zablon ndiye aliyeketi kiti cha wazazi. Nilikubali. Ni wavulana, na ukoo una mambo yake. Lakini Jentrix nilimbeba mgongoni. Kabla ya kamati ya harusi kukaa hata mara moja, aliniambia, "Dada, kiti cha mbele ni chako. Nisipokuona pale siingii kanisani." Mimi sijawahi kuolewa, na sikuwahi kutaka kitu kwa ajili yangu mwenyewe kama nilivyokitaka kiti kile.

Baba mdogo alipiga simu kutoka nyumbani. "Nimesikia harusi ni Nairobi."

"Ndiyo, baba mdogo. Kanisa la hapa Jamhuri."

"Na yule mama yako mkubwa atakuja?"

"Sijui."

"Atakuja. Atakosaje? Sasa sikiza. Mke wa rais hawezi kupokewa na msichana. Mimi nitakaa mbele, nimpokee kwa niaba ya ukoo. Wewe utakuwa unashughulikia mambo ya jikoni."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nikasema tutaonana.

Siku chache baadaye nilikuwa nimepiga magoti nikipima pindo la gauni la Mama, pini nane mdomoni, aliposema, "Jentrix anaolewa na wewe hukuniambia. Nimesikia kwa dereva. Nitakuja."

Mtu mwenye pini mdomoni hajibu haraka, na sijawahi kuzishukuru pini kama siku ile. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye pindo, hata pale ambapo hapakuhitaji pini. Ya nane ilipotoka sikuwa na pa kujificha.

"Mama, tafadhali usije."

Alinitazama kwenye kioo. "Umesema?"

"Ukija, Bwana Mutiso atatangulia. Akitangulia, mimi nitakaa safu ya tatu. Na baba mdogo atakaa mbele akupokee."

"Nitamwambia Mutiso."

"Ulimwambia baada ya yule mjane, Mama."

Nikachukua futi tena.

"Geuka kidogo," nikasema. "Upande wa kushoto umeshuka."

Akageuka. Kwa siku tatu baada ya hapo Mama hakusema nami jambo lisilohusu vifungo. Nilianza kukusanya vitu vyangu kimoyomoyo: pasi ya baba, mkasi, kibali cha mkasi. Usiku nilimsikiliza Jentrix akihesabu wageni kwenye simu na sikumwambia neno. Alhamisi, Mama alinyoosha kidole kabatini.

"Jumamosi nina shughuli ya wauguzi. Nitavaa ile ya bluu."

"Ile ya bluu ni ya zamani, Mama."

"Haina zipu nyuma. Naweza kuivaa mwenyewe. Nenda ukamwoze mtoto wako."

Kosa langu, na nawaambia ili msilifanye, ni kwamba sikumwambia mtu yeyote Mama hatakuja. Niliona aibu kusema nimemkataza, na niliogopa kudanganya kwamba amekataa. Nikanyamaza. Na Nairobi, ukinyamaza, watu wanakusaidia kusema.

Jumamosi asubuhi nilikuta mashimo ya barabara yetu yamejazwa kokoto. Mawe ya kando ya kanisa yalipakwa chokaa. Baba mdogo Zablon alikuwa amewasili na basi zima la watu wa ukoo, yeye akiwa na suti mpya na hotuba ya kurasa sita. Mbele kabisa, kamati ilikuwa imeweka sofa moja kubwa nyeupe ya kukodi, bado ina nailoni yake, na utepe wa rangi ya dhahabu juu ya mgongo. Pembeni ya sofa palikuwa na kiti kimoja cha mbao. Baba mdogo alikuwa amekwisha kukikalia.

"Mama ataketi hapo," akaniambia akipapasa nailoni, "na mimi hapa. Jikoni wanakuita."

Saa nne ikafika, saa ya ibada. Mchungaji akasimama, akatazama mlango, akaketi. Kwaya ikaimba. Saa nne na nusu kwaya ikaimba tena nyimbo zile zile. Saa tano bibi harusi wa ibada iliyofuata akafika na magari yake, akaanza kuzunguka uwanja kwa hasira, shela mkononi. Jentrix alikuwa mlangoni na gauni nililomshonea, akiniangalia, kwa sababu nilikuwa nimesimama ukutani na sikuwa nimekaa popote.

Mchungaji akaja kwangu. "Dada Trufena, mgeni wetu yuko wapi? Nina harusi nyingine hapo nje, na yule dada anaonekana ana mkono mwepesi."

"Haji," nikasema.

Kanisa zima likasikia. Kuna sauti ambayo mtu huitumia mara moja maishani na huwa haina kipimo.

Baba mdogo aligeuka. "Nani amesema haji?"

"Mimi. Nilimwambia asije."

"Wewe ulimkataza mke wa rais?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mke wa rais mzima?"

"Yuko huyo mmoja tu."

Watu wa basi walinong'ona kutoka mbele mpaka nyuma. Shangazi mmoja mzee, aliyesafiri tangu jana yake, akasema kwa sauti, "Basi si tuendelee, tule?" Baba mdogo akasimama, akanyoosha koti, akasema kiti cha heshima hakiwezi kubaki tupu mbele ya Mungu, na akaanza kujishusha kwenye sofa.

"Baba mdogo." Jentrix alikuwa amekuja mpaka katikati ya kanisa, kabla ya wimbo wake, peke yake, bwana harusi akishangaa. "Hapo ni pa Dada."

Baba mdogo alisimama nusu, magoti yamekunjika. "Dada yako hajaolewa. Hapa anakaa mzazi."

"Angeolewa angepata wapi nafasi ya kunilea?"

Kicheko kilianzia kwa mafundi umeme, wenzake bwana harusi, kikaenda mpaka kwa watu wa basi. Baba mdogo hakucheka, lakini magoti ya mzee hayawezi kubaki katikati muda mrefu. Ama yaende juu au chini. Alitazama sofa, akamtazama Jentrix, ambaye hakuwa anatabasamu hata kidogo, kisha akajinyanyua na kurudi kwenye kiti chake cha mbao. "Haya, njoo basi," akaniambia, bila kunitazama. "Mchungaji ana haraka."

Nikaenda nikakaa. Nailoni ikalia.

Jumatatu asubuhi Mama alikuwa ameketi kitandani akinisubiri, vifungo viwili vya blauzi vikiwa kwenye matundu yasiyo yao.

"Ulikaa wapi?"

"Mbele, Mama. Kwenye sofa."

"Ikawaje?"

Nilitaka kusema ilikuwa vizuri. Nikapiga magoti nimrekebishie vifungo, na ukweli ukatoka. Nilimwambia nilikaa kwa muda wa saa tano, maana sofa ilihamishwa nami mpaka kwenye karamu. Kwamba mpiga picha alipiga magoti mbele yangu akinisubiri nilie, na nilipotaka kulia kweli nikashindwa. Kwamba nilitabasamu mpaka mashavu yakakauka kama kola iliyotiwa wanga. Chakula kilikuja, kuku mzima, sikula, kwa sababu kila nikifungua mdomo kwaya ilinielekea mimi. Baba mdogo alisoma kurasa zote sita akinitazama, na kila alipofika mwisho wa ukurasa nilitikisa kichwa kukubali mambo nisiyoyasikia.

Mama alisikiliza kama mtu anayeletewa habari za kwao.

"Na choo?" akauliza.

"Nilijaribu kuinuka mara moja. Wakainuka wote."

Hapo alianza kucheka. Alicheka akijishika mbavu, akalala chali kitandani na blauzi niliyoipiga pasi, na kifungo kimoja kikaruka kikagonga kioo. Nilitaka kuchukia ila nami nikaanza. Tulikuwa bado tunacheka Bwana Mutiso alipogonga kusema magari yako tayari, na Mama akamjibu asubiri.

Aliketi, akafuta macho. "Lakini ungemwachia baba yako mdogo kile kiti?"

"Singemwachia hata dakika moja, Mama."

Akanipa kile kifungo, nami nikachukua sindano yenye uzi mweupe.